Maboma Kumi na Manne ya Nakoret

Kwenye ramani, Nakoret palikuwa na maboma kumi na manne. Nasike aliyahesabu mara mbili, kidole kikiwa karibu na kioo cha kompyuta bila kukigusa, kisha akayahesabu mara ya tatu kwa Kiturkana, maana hesabu aliyojifunza kwa mbuzi ndiyo aliyoiamini zaidi. Yalikuwa kumi na manne. Yeye aliyezaliwa huko alijua boma moja tu lenye watu, la baba yake, Lotiir.

"Mama Nasike," Thuok alisema nyuma yake, "hii mji yote ni ya kwenu? Na unakuja hapa na viatu imeshonwa mara tatu?"

Wanafunzi wenzake wakacheka. Nasike naye akacheka, akavuta miguu chini ya benchi.

Thuok alikuwa Mnuer wa Sudan Kusini, mtu wa makamo, mwalimu wa hesabu katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Kila Jumanne na Alhamisi alikuja mjini kwa baiskeli, katika ukumbi wa kanisa ambamo watu wazima walisoma kuanzia saa kumi na moja jioni. Nasike alianza kujua kusoma akiwa na miaka thelathini na mbili. Sasa alikuwa na arobaini kasoro moja, na baada ya somo alibaki na wenzake watano kufanya kazi ya ramani kwa saa nzima.

Ramani yenyewe ilikuwa ya bure kwenye mtandao, na mtu yeyote duniani aliruhusiwa kuichora. Watu wa kujitolea waliokaa mbali walitazama picha zilizopigwa kutoka angani, wakafuatisha kwa mstari kila walichokiona: barabara, paa, laga, yaani mto mkavu wa mchanga, ua wa miiba. Kisha watu wa mahali penyewe walikagua, wakaandika majina, wakasahihisha. Maboma ya Nakoret yalichorwa na mtu aliyejiita Elyse. Katika ukurasa wake alisema kwamba ni muuguzi mstaafu na kwamba mjini kwao theluji ilikuwa bado haijayeyuka. Aliyachora yote kwa jioni tatu, na kila duara lilifuata ua wake vizuri.

Macho ya Elyse hayakukosea. Kila duara lilikuwa boma kweli. Lakini mfugaji huhama. Malisho yakiisha, ugonjwa ukiingia kwenye mbuzi, au mtu mkubwa akifa, familia huacha ua ulivyo na kujenga mwingine mbele. Samadi iliyokanyagwa zizini hubaki nyeusi miaka mingi, na kutoka angani boma lililoachwa wakati wa utoto wa Nasike lilionekana sawa na boma ambalo watu wake walikunywa chai humo asubuhi ile. Kwa hiyo kile ambacho Elyse alikichora kama kijiji kilikuwa familia moja, ikihama na kuhama katika bonde lile lile kwa karibu miaka arobaini.

Nasike aliyaelewa haya alipomaliza kuhesabu mara ya tatu. Hakuyasema.

Sababu ya kutoyasema ilikuwa hii. Shirika moja la maji lenye ofisi Lodwar lilitaka kuchimba visima vitatu vya mashine upande wa magharibi. Badala ya kuwauliza machifu, ambao kila mmoja angetaja kwao, liliamua kufuata ramani. Mahali penye maboma kumi au zaidi, na maji yakiwa mbali, ndipo palipoingia kwenye orodha. Nakoret ilikuwa ya tatu. Ya nne ilikuwa Losikat, yenye maboma kumi na moja. Kabla ya mashine kutoka Lodwar, kila mahali pangekaguliwa na mtu anayepajua, na Thuok alikuwa amempangia Nasike kukagua Nakoret kwa sababu ni kwao. Kazi ilikuwa rahisi. Angesimama karibu na kila boma, afungue simu, ajibu swali moja: Je, boma hili lina watu? Ndiyo au hapana. Kisha atume. Orodha ingefungwa Ijumaa ya wiki iliyofuata.

"Na mtu asipotuma?" Nasike aliuliza.

"Asipotuma inabaki vile imechorwa. Ofisi inahesabu ile iko." Thuok alimtazama. "Kwa nini?"

"Nauliza tu, mwalimu."

Mama mzazi wa Nasike alifariki Nasike akiwa na miaka minne. Akoru, mke mdogo wa Lotiir, ndiye aliyemlea, na alimlea bila kumbagua na watoto wake mwenyewe. Akoru ndiye aliyechota maji ya Nakoret. Aliyachota chini ya laga, katika shimo lililochimbwa kwa mikono, ambalo wakati wa kiangazi lilifika kina cha watu wawili waliosimama mmoja juu ya mwingine. Mwaka uliopita ukingo wa shimo uliporomoka na kumwangukia nyonga. Alipona kwa namna yake. Tangu hapo alishuka kwa kuketi, ngazi kwa ngazi zilizochongwa kwenye mchanga mgumu, na alipopanda aligeuza uso kando ili asionekane anavyoumia. Alifanya hivyo kila siku, wakati mwingine mara mbili. Kisima cha mashine kingekuwa na bomba juu ya ardhi. Nasike alitaka Akoru asishuke tena shimoni. Hakutaka jambo lingine katika habari hii yote.

Jumamosi alipanda bodaboda kwenda Nakoret. Dereva alimshusha kwenye mchanga ambao pikipiki haikuuweza, akasema, "Hapa ndio mwisho wa lami, mathe," ingawa lami waliiacha saa moja na nusu nyuma.

Lotiir alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, akitoa mwiba katika ukwato wa mbuzi. Hakuinua kichwa mpaka mwiba ulipotoka.

"Ejok?" alimsalimu.

"Ejok-noi, apa," alimwitikia baba yake.

"Umekonda. Huko mjini mnakula karatasi?"

"Tunakula, apa. Mama yuko wapi?"

"Yuko shimoni. Atapanda."

Nasike alishuka lagani, akapokea mtungi wa maji kutoka mkononi mwa Akoru, akamwinua kwa kwapa. Akoru alisema asante, akageuza uso. Walirudi polepole. Nasike alisubiri mpaka mtungi wa plastiki ulipowekwa kivulini, ndipo akawaeleza wote wawili habari ya ramani. Aliieleza kwa Kiturkana, na palipokosekana neno alichora mchangani.

Lotiir alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alicheka mpaka akakohoa.

"Kumi na manne! Akoru, umesikia? Mimi ni tajiri. Huko kwenye theluji kuna mwanamke anasema nina maboma kumi na manne. Ameolewa?"

"Ni mzee kama wewe," Nasike alisema.

"Basi tutaelewana."

"Acha mambo yako," Akoru alisema. "Mtoto anaongea habari ya maji." Akamgeukia Nasike. "Wanachimba lini?"

"Wanachimba wakikuta maboma kumi."

"Wameshakuta kumi na manne."

"Mama, lenye watu ni moja tu."

Akoru alikuwa mwanamke mwepesi wa kuelewa, na hakuhitaji kurudiwa.

Lotiir alisimama, akachukua fimbo. "Twende nikuonyeshe," alisema. "Kama ni kuandikwa, tuandikwe vizuri."

Walitembea tangu jua lilipopita utosini. Nasike alishika simu iliyomwonyesha maduara, na mzee alitangulia bila kuitazama, akafika kwenye kila boma kabla ya simu kusema wamefika. La kwanza walikaa kiangazi kimoja. La pili ndipo alipozaliwa Ewoi, kaka yake Nasike, anayeishi Lokori sasa. La tatu walikaa siku tisa tu kwa sababu mchwa walikula ngozi za kulalia. "Siku tisa," Lotiir alisema, "na yule mama amenihesabia boma zima. Ana moyo mzuri." La tano walilihama kwa haraka mwaka wa wavamizi, na mawe ya meko yalikuwa bado yamekaa matatu matatu. Kwenye la saba Lotiir alisimama mbali.

"Hilo si langu. Hilo ni la Arukudi, yule mwizi wa tumbaku."

"Alikaa hapa?"

"Alikaa miezi miwili akivuta tumbaku yangu. Liandike, lakini usiliandike kwangu."

Kwenye boma la baba yake Nasike alikuwa ameshajibu ndiyo kabla ya kuondoka; kwenye kila lingine alisoma swali na kujibu hapana. Hapakuwa na mtandao Nakoret, kwa hiyo majibu yalikaa ndani ya simu yakingoja.

La kumi na moja lilikuwa chini ya kilima kidogo. Miti miwili ya mkoma ilisimama mashariki yake. Nasike alijua lilikuwa lipi, ingawa hakuwahi kurudishwa hapo tangu utotoni. Mama yake alizikwa humo, katika zizi, kama mke mkubwa anavyozikwa, na siku ya tatu familia ilihama. Alisimama nje ya ua. Simu ikamwambia yuko mbali, asogee.

"Inataka nini?" Lotiir aliuliza.

"Inataka niingie, apa. Nisipoingia haikubali jibu."

Lotiir alifikiri. Alitoa kibweta cha tumbaku, akachukua kidogo kwa vidole viwili, akaingia hatua chache palipokuwa na mlango, akaiweka juu ya jiwe.

"Nasike amekuja," alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeongea na aliye upande wa pili wa moto. "Ameleta simu. Hatakaa." Akageuka. "Ingia. Usivuke lile jiwe."

Nasike aliingia. Simu ilikubali. Je, boma hili lina watu? Alisimama na swali hilo muda mrefu kuliko kwenye maboma mengine, kisha akajibu hapana, akatoka kinyumenyume.

Waliporudi, mzee aliketi, akavua viatu vyake vya tairi.

"Sasa nisikilize," alisema. "Mimi serikali imenihesabu mara ngapi? Mara zote nilikuwa nyuma ya kilima na mbuzi. Kura, hapana. Kitambulisho, nilikipata nikiwa na mvi. Halafu mtu ambaye hajanusa hata moshi wetu anatazama kutoka juu, na kwa jioni tatu anaona miaka yangu yote. Hajasema uongo. Nilikaa kila mahali pale. Na wewe, mwanangu, umefundishwa kusoma ili uje unifute."

"Sikufuti, apa. Wanauliza leo kuna nani."

"Leo kuna Akoru," alisema Lotiir. "Na mguu wake."

Akoru alikuwa akikoroga uji. "Usinitumie mimi," alisema. "Sema unalotaka wewe."

"Nataka azime hiyo simu. Ni hilo tu. Asiseme uongo, anasali, namjua. Azime simu, akae. Nani amesema kunyamaza ni dhambi?"

Nasike alikunywa uji, akawaaga, akatembea hadi mahali dereva alipoahidi kumchukua.

Jumapili alisali kanisani. Jumatatu na Jumatano alisali nyumbani kabla ya kwenda sokoni. Aliomba Mungu amwonyeshe njia ambayo ingekuwa na ukweli na maji pamoja. Alitaja maneno hayo hayo kila siku, na kila alipomaliza jambo lilikuwa pale pale. Majibu kumi na manne yalikaa ndani ya simu. Mjini mtandao ulikuwepo, na simu ilimwuliza kila asubuhi kama angependa kutuma sasa au baadaye. Alibonyeza baadaye.

Alifungua ramani akaitazama Losikat. Maduara kumi na moja kando ya laga nyingine, kaskazini. Hakumjua mtu yeyote huko. Mtu mwingine alikuwa ameshayakagua, na chini ya kila duara paliandikwa ndiyo. Alijaribu kuwafikiria watu hao na hakuweza kumpa hata mmoja wao sura. Sura ya Akoru aliiona bila kujaribu.

Alhamisi alimweleza Thuok. Alimweleza nje, kwenye baiskeli, kabla ya somo.

Thuok alisikiliza huku akifunga mnyororo. "Mimi siwezi kukuambia, mama," alisema. "Kule kambini, block yetu mtu alifuta kwa ramani. Alisema ni hema, hema si nyumba. Mwaka mzima gari ya taka haikuja, kwa sababu hakuna mtu. Mimi nilirudisha moja moja, hema mia mbili na kitu. Kwa hiyo mimi kufuta naogopa." Alijipangusa mkono kwa suruali. "Lakini kuweka watu hawako, pia naogopa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo saa kumi na moja imefika. Ingia, leo ni zamu yako ya kuomba."

Ilikuwa kweli. Kila somo lilifunguliwa kwa sala, na wanafunzi walipokezana. Nasike alisimama mbele ya ubao, watu ishirini na wawili wakainamisha vichwa. Alimshukuru Mungu kwa siku, kwa afya, kwa mwalimu. Aliwaombea wagonjwa kwa majina. Kisha akafika mahali ambapo siku zote aliomba mvua na maji, akaanza, "Na watu wetu wa Nakoret, Bwana, tunakuomba," akakosa la kuendelea. Alilotaka kuomba alilijua vizuri. Alitaka kuomba watu wa Lodwar wasijue. Aliligeuza kila upande, na kila upande lilikuwa ombi ambalo hangeweza kulisema mbele ya watu ishirini na wawili, wala mbele ya Yule aliyekuwa akizungumza naye. Darasa lilisubiri. Mtu mmoja alifikiri sala imekwisha akasema amina. Nasike naye akasema amina.

Alirudi kwenye benchi, akatoa simu, akatuma.

Ilichukua muda mfupi. Mstari wa kijani ulijaa, ukapotea.

Jioni hiyo hiyo alimwandikia Elyse. Aliandika kwa Kiswahili, kwa uangalifu, akaeleza ni kwa nini maboma kumi na matatu hayakuwa na watu, na kwamba hakumlaumu. Jibu lilikuja kabla darasa halijafungwa, kwa Kiswahili kilichotafsiriwa na mashine. "Mimi ni huzuni sana. Niliona nyumba. Nilifurahi kwa sababu kulikuwa na watu wengi pamoja. Je, nifute?"

Nasike aliandika: "Usifute. Andika ni boma la zamani. Nitakupa jina la kila moja." Kisha akampa, kama baba yake alivyompa: la mchwa, la Ewoi, la wavamizi, la Arukudi. Kwa la kumi na moja aliandika jina la mama yake.

Ijumaa mkutano ulifanyika Lodwar, katika chumba chenye feni mbili, moja ikizunguka. Wakaguzi wa kila mahali waliitwa watie sahihi. Afisa wa shirika aliitwa Bwana Lokaale, mtu mpole aliyesoma orodha bila kuinua sauti. Alisema Nakoret imeondolewa, ina boma moja. Losikat inapanda, nafasi ya tatu.

Nasike aliinua mkono. "Bwana Lokaale, boma moja nalo linakunywa maji."

"Najua, mama."

"Kuna mwanamke mwenye nyonga mbovu anayeshuka shimoni kila siku."

"Najua, mama. Yaani, huyo simjui, lakini wa namna yake nawajua wengi." Alishusha karatasi. "Mashine ni moja na mashimo ni matatu. Nikichimba kwa boma moja, nitawaambia nini wa maboma kumi na moja? Nitaliandika jina la Nakoret kwa mwaka ujao. Siahidi kitu."

"Liandike."

Aliliandika mbele yake. Nasike alitia sahihi, jina zima, bila kukosea herufi.

Kwenye benchi la nje alikaa karibu na mwanamke mwenye mtoto mgongoni, mkaguzi wa Losikat, anayeitwa Nyanga. Walikuwa wakingoja gari la kurudi. Nyanga alikata chapati akampa nusu.

"Nyinyi mmepata?" aliuliza.

"Hatukupata."

"Pole, dada. Labda mwakani." Alimgeuza mtoto upande wa kivuli. "Sisi nilikuwa nimekata tamaa. Walisema tuko wa nne."

Nasike alikula chapati yote.

Hakungoja Jumamosi ya wiki iliyofuata. Jumatatu alikuwa Nakoret, na alisimama alipowaambia, ingawa aliambiwa aketi. Alisema ametuma. Alisema kisima kitachimbwa Losikat, na kwamba jina la Nakoret limeandikwa kwa mwaka ujao bila ahadi.

Mbuzi mmoja alikuja kulamba kigoda cha Lotiir, naye akamwacha.

"Wamenifuta," mzee alisema.

"Hapana, apa. Maboma yapo yote. Yameandikwa majina."

"La mchwa?"

"Lipo."

"La yule mwizi wa tumbaku?"

"Lipo pia. Kwa jina lake."

"Hata huyo," Lotiir alisema, akatema mate kando. Lakini hakuondoka.

Akoru aliuliza Losikat ni mbali kiasi gani. Nasike alisema ni siku moja na nusu kwa mifugo. Akoru alitazama mguu wake kama anavyotazamwa punda atakayepakiwa, akapima.

"Mimi sifiki," alisema.

Waliongea jioni ile na asubuhi iliyofuata. Hapakuwa na mengi ya kuchagua. Shimo la lagani lilikuwa limeanza kutoa matope, na mbuzi hawangengoja mwaka ujao wa mtu yeyote. Lotiir angehamia Losikat na mifugo pamoja na mwanawe mdogo na mke wa huyo mwana, waliorudi wiki ile kutoka malisho ya mbali. Angefika kama mgeni na kuomba nafasi kwa watu wadogo kwake kwa umri, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu alipokuwa na boma lake. Akoru angekwenda Kakuma, kwa Nasike, katika chumba karibu na zahanati, ambako bomba lilikuwa mwisho wa ua na lilifunguliwa siku tatu kwa wiki. Miaka yote waliyooana hawakuwahi kukaa mbali zaidi ya msimu mmoja. Hakuna aliyelisema hilo. Akoru alimfungia mumewe tumbaku katika vifurushi vitatu, akamweleza mkaza mwana ni mbuzi yupi anayekataa kukamuliwa na mtu asiyeimba.

Asubuhi ya kuhama, Nasike alimwonyesha baba yake njia kwenye simu. Mstari ulishuka hadi Kakuma, ukafuata lami, ukapanda tena kaskazini.

Lotiir alitazama kwa heshima. "Huyu anataka niwapitishe mbuzi sokoni?"

"Ndiyo barabara iliyopo, apa."

"Hiyo ni ya magari." Alinyoosha fimbo kuelekea pengo katikati ya vilima viwili. "Napita pale. Maji yaliyotuama kwenye mawe yapo siku ya kwanza. Hayo hamna kwenye simu?"

"Hayamo."

"Usiyaweke," alisema.

Aliagana na Akoru kwa kumshika bega. Kisha alipiga mluzi na mbuzi wakatoka, na wale waliobaki walisimama katika vumbi lao mpaka likatulia.

Dereva wa bodaboda alikuja safari hii hadi mlangoni, akisukuma pikipiki kwenye mchanga. Walimpandisha Akoru kwa taabu, katikati, mguu mbovu ukiwa umenyooshwa juu ya kifurushi cha ngozi. Hakuwahi kupanda pikipiki. Nasike alikaa nyuma yake, akazungusha mikono kiunoni mwake, akahisi jinsi alivyokuwa mwepesi.

"Ungenyamaza tu," Akoru alisema. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayetaja jambo lililopo.

"Ningeweza, mama."

Dereva aliwasha. Pikipiki iliyumba, ikashika.

"Basi nishike vizuri," Akoru alisema. "Nisianguke."